Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: mzee aliyevunjika nyonga sio wa kuwekwa mwisho wa foleni

Kwako Mkurugenzi wa Hospitali,
Kwako Mkuu wa Idara ya Mifupa,
Kwenu wajumbe wa Bodi,

Salamu nyingi, na kwa wale walionizidi umri, shikamooni.

YAH: WAZEE WALIOVUNJIKA NYONGA KUCHELEWESHWA KUFANYIWA UPASUAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekuja hadharani kwa sababu huko ndani milango yote nimeshagonga. Nilianza na nesi mkuu wa wodi, akanisikiliza vizuri tu, akasema hilo liko juu ya uwezo wake niandike barua, nikaandika, nikaambiwa barua imefika kwa mhusika, mhusika yuko kikaoni, kikao kikaisha mhusika akawa safarini. Nyingine nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni na mpaka leo sijui ufunguo wake anao nani. Jina la hospitali silitaji, nyie mnajijua, na nadhani ziko hospitali nyingi tu zitakazosoma hii zikajiona.

Mama yetu ana miaka 80 na ushee. Alianguka usiku akielekea chooni, tukamfikisha kwenu kabla hakujapambazuka, eksirei ikapigwa asubuhi hiyo hiyo na mvunjiko wa nyonga ukaonekana wazi hata kwa sisi tusiojua kusoma hizo picha. Thieta aliingia wiki na zaidi baadae. Yuko hai, tunashukuru, ila yule mama aliyekuwa anajipikia na kufua mwenyewe sasa hivi hawezi kutoka kitandani bila mtu wa kumshika.

Sijaandika kuomba mtu afukuzwe kazi, wala sitafuti fidia. Nina jambo moja: kule kulala kitandani kusubiri kunawaumiza wazee wetu kuliko hata kuanguka kwenyewe, na nyie mnakuchukulia kama muda mtupu tu kabla ya matibabu kuanza. Malalamiko yangu yote hapa chini yanatoka kwenye hilo.

1. Foleni inayorudi nyuma

Kila jioni tuliambiwa mama asile wala asinywe kuanzia usiku wa manane, kesho anaingia. Kesho inafika, mchana mtu anachungulia mlangoni anasema orodha imejaa, mpeni chakula. Jioni tena asile. Mzee wa umri ule, mwenye maumivu, anashinda na njaa na kiu alafu jioni hana hamu hata ya kumeza dawa. Utaratibu unaofahamika ni kwamba chakula kinasimama masaa 6 kabla ya ganzi, maji matupu masaa 2 tu. Kwa hiyo kumnyima maji toka usiku mpaka mchana wa siku ya pili hakuna maelezo ya kidaktari hapo, ni kwamba hakuna aliyekaa akapanga nani anaingia saa ngapi.

Na waliokuwa wanampita mama kwenye orodha sio wote walikuwa mahututi. Mtu aliyepasuliwa na gari mfupa uko nje, huyo apite, hakuna atakayebisha. Lakini tuliona vijana waliotembea kwa miguu yao wenyewe mpaka mlango wa thieta wakati mama yuko kitandani hawezi hata kujigeuza.

Muda unaotakiwa unajulikana. Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, tangu 2011 unasema mgonjwa wa nyonga apasuliwe siku aliyofika au siku inayofuata. Huko England toka 2010 hospitali inalipwa zaidi kwa mgonjwa wa nyonga ikitimiza masharti kadhaa, yakiwemo awe ameingia thieta ndani ya masaa 36 na ameonwa na daktari bingwa wa wazee ndani ya masaa 72. Chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani kwenye mwongozo wao wa 2021 wanataja masaa 24 mpaka 48. Hakuna mahali nimekuta mtu ameandika wiki.

Na sababu zake hata mimi nisiye daktari nimezielewa, maana niliziona zikitokea mbele ya macho yangu. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika hageuki, akijigeuza anaumia. Asipogeuka ngozi ya kisigino na ya makalio inakosa damu inaanza kufa, ndo hivyo vidonda vya kulalia. Asipokaa mapafu hayafunguki vizuri, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Damu inaganda kwenye mishipa ya mguu, bonge likichomoka linakwenda kuziba mapafu. Misuli nayo inapungua kila siku anayolala, na misuli ya mtu wa miaka 80 ikishaondoka hairudi kwa kubembeleza. Ndo maana wazee wanaovunjika nyonga, kutegemea na mahali, mmoja kati ya watano mpaka mmoja kati ya watatu anakuwa ameshafariki kabla mwaka haujaisha. Wengine ni kwa magonjwa waliyokuwa nayo tayari, nakubali. Ila wengine wanakufa kwa kitanda.

Sasa najua kuna mtu wa idara atanijibu kwa ule utafiti mkubwa wa HIP ATTACK wa 2020, uliofanyika hospitali 69 kwenye nchi 17 na wagonjwa 2,970, kwamba waliowahishwa na wasiowahishwa vifo vilikaribiana, asilimia 9 kwa 10. Ni kweli. Lakini someni walilinganisha nini: kundi moja liliingia thieta baada ya kama masaa 6 na lingine baada ya kama masaa 24. Yaani hao mnaowaita waliochelewa walichelewa siku moja! Na hata hapo waliowahi walisimama mapema zaidi na waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache. Utafiti huo haumpi mtu ruhusa ya kumlaza mzee wiki nzima.

2. Sababu inayobadilika kila asubuhi

Siku ya kwanza presha iko juu. Ya pili tunasubiri kipimo cha moyo, na mtu wa kipimo hayupo. Ikafuata kwamba anatumia aspirini, tusubiri itoke mwilini. Alafu damu haijapatikana. Alafu ikawa wikiendi.

Zipo sababu za kweli za kusimamisha upasuaji na sizipingi hata kidogo, kama sukari imepanda vibaya, mwili umekauka maji, chumvi za damu zimevurugika, moyo umeshindwa kazi au unapiga ovyo, kifua kimeshika. Ila mwongozo huo huo wa NICE unasema haya yatafutwe na yatibiwe mara moja ili yasicheleweshe upasuaji. Mara moja, sio moja kwa siku, leo presha kesho sukari. Aspirini sio sababu ya kumrudisha mtu wodini. Anayetumia warfarini, ile dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, anapewa vitamini K na damu inapimwa tena. Hizi dawa mpya za kuzuia damu kuganda ndo zinahitaji kusubiri kidogo, siku moja au mbili kulingana na figo, nazo zina hesabu yake inayoeleweka. Na kipimo cha moyo kama hakibadilishi uamuzi wa kupasua au kutopasua, kinasubiriwa cha nini?

Kuna siku tuliambiwa daktari anayechoma ganzi ya mgongo hayupo na kwa mzee nusu kaputi ni hatari. Tukaogopa tukanyamaza. Baadae nikasoma utafiti wa REGAIN wa 2021, watu 1,600 wenye nyonga zilizovunjika, nusu yao walipewa ganzi ya mgongo na wengine nusu kaputi, na baada ya siku 60 hakukuwa na tofauti ya maana kwa vifo wala kwa uwezo wa kutembea. Hofu yetu ilitumika kufunika ratiba, basi.

3. Maumivu

Hapa ndo nina hasira zaidi, naomba mnivumilie. Mama alikuwa anapewa parasetamo pale nesi alipokumbuka, na aliyekuwa anampigia nesi kelele ni mimi. Kuna sindano ya ganzi inayochomwa sehemu ya juu ya paja karibu na kinena, inatuliza mishipa ya fahamu ya nyonga, inaweza kuchomwa pale pale mapokezi na daktari aliyefundishwa, haihitaji thieta. Hatukuwahi hata kusikia jina lake. Badala yake mguu ukafungwa uzito ukavutwa siku zote zile, tukaambiwa inapunguza maumivu. Tafiti zilizolinganisha hilo kwa nyonga iliyovunjika inayosubiri upasuaji hazijaona faida, wanaovutwa na wasiovutwa maumivu ni yale yale, tofauti ni kwamba anayevutwa ndo kabisa hajigeuzi.

Alafu siku ya tatu au ya nne hivi usiku akaanza kutuita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha fariki, anavua dripu, anataka kushuka kitandani. Tukaambiwa uzee huo. Jamani, mtu aliyekuja ana akili zake, anajua mpaka deni analomdai jirani, akichanganyikiwa ghafla wodini huo sio uzee. Ni maumivu, ni kiu, ni mkojo uliojaa, ni maambukizi, ni dawa, ni kukosa usingizi, mara nyingi ni vyote kwa pamoja, na kinatakiwa kitafutwe ni kipi. Walichofanya ni kumfunga mikono kwa bandeji. Miwani yake ilikuwa kwenye begi siku zote hizo na hakuna aliyemuuliza kama anaona.

4. Hakuna aliyemuuliza mama

Karatasi ya kukubali upasuaji ililetwa kwetu watoto. Mama alikuwa anasikia kila kitu, kipindi hicho hajachanganyikiwa bado, wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Na sisi wenyewe tulisaini bila kuelewa anafanyiwa nini hasa, tuliambiwa tu "anawekewa chuma".

Kumbe ingechukua dakika tano kutuelezea. Mfupa ukivunjika pale shingoni, ndani ya mfuko wa kiungo, na vipande vikahama, damu inayolisha kile kichwa cha mfupa inakatika na kichwa kinaweza kufa, ndo maana kwa mzee hawaungi, wanatoa kichwa wanaweka cha bandia. Ukivunjika chini ya hapo, nje ya mfuko, damu ipo, kwa hiyo wanashikiza kwa skrubu na bamba au kwa fimbo ya chuma inayopita ndani ya mfupa. Tungeelewa, na maswali tungeuliza. Kwa mfano hicho cha bandia kinashikizwa kwa saruji ya mifupa au kinagongelewa bila saruji? Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2022, wagonjwa 1,225 wa miaka 60 na kuendelea, waliowekewa kwa saruji maisha yao yalikuwa na nafuu zaidi na mfupa kuvunjika tena pembeni ya chuma ilitokea kwa wachache. Saruji nayo ina hatari yake, presha inaweza kuporomoka ghafla pale inapowekwa na daktari wa usingizi anatakiwa ajipange. Sisemi ndugu wa mgonjwa ndo wachague saruji, nasema tuambiwe.

Na kuna wazee ambao upasuaji sio jibu. Aliyekuwa tayari yuko mwisho wa safari, hatembei, hatambui watu, familia na daktari wakikaa wakakubaliana atulizwe maumivu asipasuliwe, hiyo ni huduma halali kabisa na Uholanzi wameichunguza kwa wazee wa kwenye nyumba za kulelea wakaona inakubalika pale inapoamuliwa kwa pamoja. Lakini iamuliwe kwa mazungumzo. Sio foleni iamue, mzee aozee wodini mpaka daktari aseme sasa hali yake haituruhusu tena kumpasua. Ndugu wa mzee mmoja wa jirani na kitanda chetu waliambiwa wampeleke nyumbani kwa sababu ya umri, na huyo alikuja hospitali akiwa mtu wa kutembea.

Wala msidhani nataka kila mzee achanwe. Kifundo cha mkono kilichovunjika mara nyingi kinapona na hogo, na bega pia, utafiti wa PROFHER wa 2015 kwa watu 250 waliovunjika mfupa wa juu wa mkono karibu na bega haukuona faida ya upasuaji juu ya kufungwa kombeo tu. Nyonga ni habari nyingine.

5. Baada ya thieta tuliachwa

Upasuaji wenyewe ulienda vizuri na nampongeza aliyeufanya, mkono wake ni mzuri. Ila kesho yake mama alitakiwa asimame na akanyage, kwa sababu hicho chuma kinawekwa hivyo ili mzee akanyage kwa uzito wake wote kadri anavyoweza, yeye hawezi kutembea na mguu mmoja kama kijana. Mtu wa mazoezi alikuja baada ya siku kadhaa, akaonesha mara moja, akaacha woka pembeni ya kitanda akaondoka. Mpira wa mkojo ulikaa mpaka ukaleta maambukizi. Kidonda cha kisigino tulikigundua sisi tukimuogesha.

Na daktari wa wazee hatukumuona kabisa. Hili jambo sio geni, pale Hastings, Uingereza, daktari wa mifupa Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine walishaanza kuhudumia wagonjwa hawa kwa pamoja zaidi ya nusu karne iliyopita. Trondheim kule Norwei walilinganisha, utafiti ulitoka 2015, wazee 397: waliolazwa kwenye wodi ya wazee na kuhudumiwa na timu nzima walitembea vizuri zaidi baada ya miezi minne kuliko waliolazwa wodi ya kawaida ya mifupa. Kama bingwa wa wazee hamna, basi daktari wa magonjwa ya ndani apite pale wodi ya mifupa kila siku. Anapita ghorofa ya juu kila siku, ni ngazi tu.

6. Mfupa wenyewe haukutibiwa

Tuliruhusiwa na dawa za maumivu na tarehe ya kutoa nyuzi. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe akavunjika nyonga, mifupa yake imeshakuwa dhaifu na ataanguka tena avunjike tena. Utafiti wa HORIZON wa 2007 uliwapa watu waliopasuliwa nyonga dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa mwaka, mivunjiko mipya ikapungua kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Dripu moja kwa mwaka! Unaangalia figo na vitamini D kwanza, unampa. Sisi hata neno hilo hatukulisikia. Wala hakuna aliyeuliza mama alianguka kwanini, kama ni macho, presha inayoshuka akisimama, au zile dawa za usingizi anazomeza kila usiku.

Najua majibu mliyonayo. Thieta hazitoshi, ajali za barabarani ni nyingi, vyuma vinachelewa kufika, wataalamu wachache. Yote naamini ni kweli, nimekaa pale wodini nimeona manesi wawili wanahangaika na wagonjwa wodi nzima. Lakini sijaomba thieta mpya. Mzee anayelala wiki mbili tatu anakula kitanda, dawa za nimonia, bandeji za vidonda na muda wa hao hao manesi wawili, sasa hapo mmeokoa nini? Jibu la pili nimelisikia kwa masikio yangu kwenye korido, kwamba hawa ni wazee na hata ukiwapasua wanakufa tu. Aliyesema hivyo amegeuza habari nyuma mbele, tunawachelewesha alafu vifo vyao vinakuwa ushahidi wa kuwachelewesha wanaofuata.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki:

Nafasi ya kwanza ya asubuhi kwenye orodha ya thieta ya mifupa, kila siku pamoja na wikiendi, iwe ya mzee mwenye nyonga, na akikosekana ndo apewe mwingine. Lengo liwe siku aliyofika au inayofuata, na ikipita masaa 48 daktari bingwa aandike sababu kwenye faili na asaini jina lake.

Ganzi ya nyonga ichomwe mapokezi. Kufunga kula kufuate masaa, sio kufuate usiku. Mgonjwa aulizwe yeye kwanza ndo waulizwe watoto.

Asimamishwe siku inayofuata upasuaji, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Asiruhusiwe kutoka bila mpango wa dawa ya mifupa na bila kujulikana alianguka kwanini.

Na mchapishe namba. Uingereza wana kumbukumbu ya taifa ya wagonjwa wa nyonga toka 2007, hospitali moja moja zinaonekana wagonjwa wao wanasubiri muda gani na wangapi wanafariki ndani ya siku 30. Nyie anzeni na karatasi moja kila mwezi: wazee wangapi waliingia, walisubiri masaa mangapi, wangapi walitoka wakitembea. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji daftari.

Naomba jibu kwa maandishi na libandikwe kwenye ubao wa wodi ya mifupa, ndugu wa wagonjwa waliolala pale sasa hivi wanalihitaji kuliko mimi. Kwa simu nimeshajibiwa vya kutosha. Nikiitwa kikaoni nitakuja, nitakuja na nakala ya karatasi za mama zenye tarehe na saa zote, na wako ndugu wa wagonjwa wengine waliosema watakuja na za kwao.

Wenu,
Mtoto wa mgonjwa, wodi ya mifupa ya wanawake

Nakala:
Kamati ya maadili ya hospitali
Ofisi ya malalamiko ya wagonjwa
Nesi mkuu wa wodi, kwa taarifa na kwa shukrani